Wasomaji Wauliza: Usiku Tuzo za Sinema Zilipoingia kwenye Televisheni

Toleo lililopita tuligusia kwa sentensi moja kwamba tuzo za Oscar zilirushwa kwenye televisheni kwa mara ya kwanza tarehe 19 Machi 1953. Sentensi hiyo imetuletea maswali kutoka Mikindani hadi Nachingwea. Tumejibu yaliyojirudia zaidi, na marefu tumeyafupisha.

Oscar ilianza 1929, na Wamarekani walikuwa na televisheni kabla ya 1953. Walikuwa wanangoja nini miaka yote hiyo? — Msomaji, Mikindani

Hawakuwa wanaingoja televisheni, walikuwa wanaikimbia.

Tuzo za kwanza zilitolewa tarehe 16 Mei 1929 katika hoteli ya Hollywood Roosevelt. Kilikuwa chakula cha usiku cha watu kama 270, tiketi dola 5, na ugawaji wenyewe ulichukua robo saa hivi. Washindi walikuwa wamejulikana miezi mitatu nyuma, kwa hiyo hapakuwa na cha kumkosesha mtu usingizi. Mwaka uliofuata redio ya KNX ya Los Angeles ikairusha hafla, na redio ikabaki ndiyo njia ya watu wa mbali kufuatilia kwa zaidi ya miaka ishirini.

Televisheni ilipoanza kuenea majumbani baada ya Vita Kuu ya Pili, wenye studio waliiona kama adui wa biashara. Aliyeketi sebuleni mbele ya seti yake hakati tiketi ya sinema. Kilichowalainisha ni pesa. Hafla ililipiwa na studio zenyewe, na studio zikachoka. Mwaka 1949 zilishajitoa, sherehe ikabanwa kwenye ukumbi wa Akademia, chama kinachotoa tuzo hizi, wenye viti 950 hivi. Kuelekea 1953 studio kadhaa zikagoma tena kuchangia. Ndipo shirika la utangazaji la NBC na kampuni mama yake, RCA, wakaweka mezani dola 100,000 kwa haki ya kurusha kwa redio na televisheni.

Tusisahau kwamba RCA walikuwa wanatengeneza na kuuza seti za televisheni. Kwao zile dola laki moja zilikuwa bei poa ya tangazo. Mshereheshaji Bob Hope alipanda jukwaani akaitania televisheni kwamba ndiko sinema zinakopelekwa zikifa. Ukumbi ulicheka, lakini bili ya usiku ule ilikuwa imelipwa na hao hao waliokuwa wanachekwa.

Nimesoma kwamba hafla hiyo ilifanyika Hollywood na New York kwa wakati mmoja. Bila satelaiti, picha ilivukaje nchi nzima? — Msomaji, Lindi mjini

Ilivuka kwa minara. Mwezi Septemba 1951 kampuni ya simu ya AT&T ilianza kupitisha televisheni kwenye njia ya mawimbi ya mikrowevu kutoka New York hadi San Francisco, yenye vituo 107, kila kimoja kikiwa kilomita 40 na ushei kutoka kwa mwenzake. Satelaiti ya Telstar ilikuja baadaye, 1962.

Mawimbi hayo husafiri kwa mstari ulionyooka, hivyo mnara lazima uuone mwenzake. Ukitaka kujua minara miwili inaweza kutenganishwa kwa umbali gani kwenye ardhi tambarare, chukua kipeuo cha pili cha urefu wa kila mnara kwa mita, jumlisha, kisha zidisha kwa 4.1. Minara miwili ya mita 34 inakupa kama kilomita 48. Kutoka Mtwara hadi Lindi, kwa mstari ulionyooka na si kwa barabara, ni kama kilomita 60. Ungehitaji minara ya mita 53 au 54 kila upande, na hiyo ni kama katikati hapana kilima wala mkorosho. Lindi ina vilima, kwa hiyo fundi angepanda kilimani akapunguza urefu wa chuma. Wamarekani nao walifanya hivyo kila walipopata mlima.

Kasoro ya njia hii ni kwamba kila kituo kilipokea, kikakuza, kikarusha tena. Ukikuza picha unakuza na chenga zake. Baada ya vituo mia moja, picha iliyotoka Hollywood safi ilifika New York imechoka kidogo, hata pale mitambo yote ilipofanya kazi sawasawa.

Kwa nini miji miwili? Kwa sababu waigizaji wengi wazuri walikuwa jukwaani Broadway, mtaa wa kumbi za maigizo New York, na hawakuweza kuacha mchezo wao usiku wa Alhamisi. Hollywood walikutana ukumbi wa Pantages chini ya Bob Hope, na New York ukumbi wa NBC wa Columbus Circle chini ya Fredric March. Shirley Booth, mwigizaji bora wa kike mwaka ule, alipokea yake New York kwa sababu hiyo hiyo. Saa nazo zilipangwa kumfaa mtu wa Broadway: saa 4:30 usiku New York, pazia likiwa limeshafungwa, na Hollywood ndiyo kwanza saa 1:30 jioni. Njia ilikuwa moja, hivyo upande mmoja ukiwa hewani mwingine uliketi kimya ukingoja zamu. Utaratibu wa miji miwili ulidumu hadi 1957, ukaachwa. Kwa maoni yetu uliachwa umechelewa.

Picha za zamani za Oscar mtandaoni zina weusi kuzunguka vitu vinavyong'aa, na mara nyingine mstari hafifu unapita katikati. Ni kanda zilizooza? — Msomaji, Masasi

Hazijaoza. Unachokiona ni kamera yenyewe, na ule mstari ni namna ya kuhifadhi.

Tuanze na weusi. Kamera za studio za wakati ule zilikuwa na bomba la kioo liitwalo othikoni. Mwanga ukigonga uso wa bomba, elektroni hurushwa kwenye bamba jembamba la kioo na kuchora picha kwa chaji za umeme. Panapong'aa mno elektroni huwa nyingi kupita kiasi, nyingine huruka na kudondoka kando, zikafuta chaji ya sehemu jirani. Hapo kando pakaonekana peusi kuliko palivyo. Ndiyo maana kidani cha almasi au sanamu yenyewe ya dhahabu ilionekana imezungushiwa wanja. Watu wa televisheni walikuwa na dawa zao: wanaume wavae shati la bluu mpauko, ambalo kwenye picha ya rangi nyeusi na nyeupe huonekana jeupe bila kuunguza, na vyuma vinavyong'aa vipakwe kitu cha kufifisha.

Angalia pia jinsi picha inavyobadilika. Kamera ilikuwa na lenzi nne kwenye sahani ya kuzungusha mbele. Kutoka picha ya mbali kwenda ya karibu mpiga picha alizungusha sahani kwa mkono, na kama kamera hiyo ilikuwa hewani mtazamaji aliona dunia ikipinduka. Kwa hiyo mwongozaji alihamia kwanza kamera ya pili, ndipo ya kwanza ibadilishe lenzi. Mshindi akiinuka kwenye kiti ambacho hakuna kamera iliyokwisha kukilenga, anaonekana mgongo tu mpaka afike ngazini.

Sasa ule mstari. Mwaka 1953 kurekodi picha kwenye kanda ya sumaku hakukuwa kumeingia sokoni. Mashine ya kwanza iliyouzika, ya Ampex, ilionyeshwa Aprili 1956, na shirika la utangazaji la CBS wakaitumia hewani tarehe 30 Novemba mwaka huo. Kabla ya hapo ulichukua kamera ya filamu ukaielekeza kwenye kioo cha televisheni. Njia hii iliitwa kineskopu, na ugomvi wake ni wa hesabu. Televisheni ya Marekani huchora nusu-picha 60 kwa sekunde, filamu ya sinema hupita picha 24 kwa sekunde. Kila picha ya filamu inataka nusu-picha mbili kamili, yaani sekunde moja ya thelathini. Ukigawa sekunde kwa 24, baada ya kutoa hiyo moja ya thelathini inabaki moja ya mia na ishirini ya kufunga kizibo, yaani kile kinachozuia mwanga ndani ya kamera, na kuvuta filamu mbele. Muda huo ni nusu ya nusu-picha. Matokeo yake picha moja huanza juu ya kioo, na inayofuata huanza katikati, pale iliyotangulia ilipoishia. Kizibo kikikosea hata kidogo, kiungo cha katikati kinaonekana kama mstari wa giza au wa mwanga. Fundi mzuri aliufanya usionekane, fundi mchovu ndiye aliyekuachia huo unaouona.

Kwa nini wanakatisha hotuba za washindi? Si ndiyo siku yao? — Msomaji, Newala

Kwa sababu muda umeuzwa. Redioni pia kulikuwa na mipaka, lakini televisheni ilileta mdhamini aliyelipia kila dakika na kipindi kingine kinachosubiri mlangoni. Mwaka 1954, hafla ya pili kurushwa, William Holden alishinda kama mwigizaji bora wa kiume muda ukiwa umekwisha. Alishukuru kwa kifupi tu akashuka.

Kinyume chake ni kibaya zaidi. Tarehe 6 Aprili 1959 waandaaji, kwa kuogopa kuchelewa, walipunguza vipengele mno, na hafla ikaisha dakika 20 kabla ya muda. Jerry Lewis aliachwa jukwaani ajaze nafasi: akaongoza bendi, akawaita nyota wacheze dansi, watu wakaanza kuondoka mmoja mmoja mbele ya kamera. Mwishowe NBC wakaikata hafla na kuweka filamu fupi ya michezo. Waandaaji wote wanaogopa kuzidisha muda. Waliokwisha kuona kipindi kikipungukiwa wanaogopa hilo zaidi.

Siri ya bahasha ilianza na televisheni? — Msomaji, Nachingwea

Hapana, ilitangulia. Magazeti yalikuwa yakipewa majina mapema kwa sharti la kuyachapa baada ya saa 5 usiku. Tarehe 29 Februari 1940 Los Angeles Times likayatoa kwenye toleo la jioni, na wageni wakaingia ukumbini wakiwa wameshayasoma. Tangu 1941 majina yamefungwa ndani ya bahasha, wanaojua ni wahasibu wa Price Waterhouse (siku hizi PwC) peke yao. Televisheni iliikuta siri iko tayari ikaigeuza kuwa bidhaa. Bila siri hakuna sababu ya mtu kukesha.

Kwa miaka mingi wahasibu walikuwa wawili, kila mmoja na seti kamili ya bahasha, mmoja kila upande wa jukwaa. Ni kinga nzuri yenye tundu moja. Bahasha ikitumika upande wa kulia, pacha wake bado yuko kushoto. Mwaka 2017 pacha wa bahasha ya mwigizaji bora wa kike alikabidhiwa watangazaji wa filamu bora, na filamu isiyo yenyewe ikatangazwa mbele ya dunia.

Ni kweli walipeleka kamera wodini? — Msomaji, Ruangwa

Kweli. Machi 1955 Judy Garland alikuwa anapewa nafasi kubwa ya kushinda, naye akajifungua tarehe 29, siku moja kabla ya hafla. NBC wakaingiza kamera na taa chumbani mwake hospitalini na kujenga jukwaa la mabomba nje ya dirisha, ili azungumze moja kwa moja akitangazwa. Akatangazwa Grace Kelly. Mafundi wakaanza kufungua nyaya wakiwa bado chumbani kwa mzazi. Heshima ya uzazi tuiache kando. Kiufundi lilikuwa jambo kubwa kwa wakati ule, kuwa na sehemu ya tatu iliyo tayari kuingia hewani.

Shikamooni. Sisi ni kikundi cha vijana wa filamu Mtwara mjini. Tunataka kutoa tuzo kumi kwa filamu fupi za Mtwara na Lindi, ukumbi wa watu 200, na kurusha laivu mtandaoni. Tuanzie wapi? — Katibu wa kikundi

Marahaba. Anzeni na karatasi ya dakika, kamera baadaye.

Tuzo moja, ikihesabiwa bila kujidanganya: kutaja wanaowania pamoja na vipande vya filamu sekunde 60, kufungua bahasha 10, mshindi kutembea 25, hotuba 45, kushuka na makofi 20. Jumla sekunde 160. Mara kumi ni dakika 27. Ongezeni nyimbo tatu za dakika nne, ufunguzi dakika tano, na mgeni rasmi. Huyo muandikieni dakika kumi lakini kwenye hesabu yenu wekeni ishirini. Mnafika dakika 64. Tangazeni hafla ya dakika 75, na muwe na vitu viwili vya akiba vya dakika nne nne, ngoma au shairi, wahusika wakiwa wamevaa na kusimama tayari. Vikikosa nafasi, hakuna aliyejua kuwa vilikuwapo. Utambulisho wa meza kuu na ile itifaki yote ifanyike kabla hamjaingia hewani. Hakuna kinachofukuza watazamaji wa mtandaoni kama dakika kumi na tano za kutambulishana.

Wanaowania waketi ncha za safu, upande wa njia, na mpiga picha awe na mchoro wa viti wenye majina. Anayeketi katikati ya safu anakula sekunde 20 za kuomba njia.

Bahasha: seti moja inatosha kwa ukumbi wenu. Mkitaka mbili, wekeni sharti kwamba ikitumika moja, pacha wake anachanwa hapo hapo. Jina la tuzo liandikwe nje kwa herufi kubwa, na ndani pia, juu ya jina la mshindi, ili msomaji aone kosa kabla ya kufungua mdomo.

Picha: ukumbi wenu utakuwa na kanzu nyeupe na buibui jeusi kwenye safu moja, na simu au kamera iliyoachiwa ijipimie mwanga itayumba kila mtu anapopita. Pimeni mwanga kwenye uso wa mtu jukwaani kabla ya hafla, ufungeni hapo, kisha shusheni kidogo. Kanzu ikipoteza mikunjo yake na kuwa bapa jeupe, mwanga umezidi. Umeme wetu ni wa hezi 50, hivyo pigeni picha 25 kwa sekunde na kizibo kiwe 1/50. Mkiacha 30 na 1/60, taa nyingi za ukumbini zitaleta mistari inayopanda na kushuka kwenye picha.

Sauti ichukuliwe kwenye mikisa, ule mtambo wa kuchanganya sauti za maiki. Maiki ya simu iliyo mita 15 kutoka jukwaani italeta mwangwi na makofi. Lakini msichomeke waya wa mikisa moja kwa moja kwenye tundu la maiki la simu au kompyuta: mkondo unaotoka mikisa ni mkubwa mara nyingi kuliko tundu hilo linavyotarajia, na sauti itapasuka hata mkiishusha kwenye simu. Tumieni kadi ya sauti ya nje yenye tundu la laini (line in).

Intaneti ndiyo itakayowaangusha, kama ipo ya kuwaangusha. Picha ya mistari 720 inataka kama megabiti 4 kwa sekunde za kupandisha, na msiridhike mpaka mpate 8, kwa sababu kasi hupanda na kushuka. Msipime mchana ukumbi ukiwa mtupu. Pimeni usiku wa saa ile ile, mkikumbuka kwamba wageni 200 wataingia na simu 200 zinazogombea mnara huo huo. Muwe na laini ya pili ya mtandao tofauti. Kwa megabiti 4, saa moja inakula GB 1.8, hivyo kwa hafla na majaribio nunueni bando la GB 5 na zisitumike kwa kingine. Na kamera zirekodi kwenye kadi zake pia. Mtandao ukikatika, mtapandisha hafla kamili kesho yake.

Jenereta iwe tayari, lakini haitoshi. Huchukua sekunde kadhaa kuwaka na kutulia, na sekunde hizo zinazima ruta na kompyuta, na kuwasha upya ni dakika kadhaa za kimya. Ruta, kompyuta na mikisa vikae kwenye UPS, betri inayoshika papo hapo umeme ukikatika. Taa zinaweza kusubiri.

Tukitaka kuitazama Oscar laivu huku kwetu, ni saa ngapi? — Msomaji, Kilwa Masoko

Tangu 2024 inaanza saa 1 jioni ya New York, Jumapili. Kwetu ni usiku wa kuamkia Jumatatu: saa 8 kama Wamarekani wameshasogeza saa zao mbele, saa 9 kama bado. Wanasogeza Jumapili ya pili ya Machi, kwa hiyo angalia tarehe ya hafla kwanza. Ile ya 1953, kwa saa zetu za leo, ingekukuta saa 12:30 asubuhi.